Ndala za Mama wa Shujaa

Mama Fagio alisimama nyuma ya ukumbi wa video akingoja filamu ya Kihindi iishe afagie maganda ya karanga. Mbele, mtafsiri alikuwa akipayuka kwenye kipaza sauti:

"Teke hilo! Gari limepaa, likishuka litakuwa limeota kutu!"

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Shujaa aliwakung'uta watu arobaini wa tajiri aliyempokonya yeye na mama yake shamba, na shati lake halikuchomoka hata kidogo. Mama Fagio hakucheka. Alimtazama mama wa shujaa. Tangu mwanzo, kila alipopita kwenye lango la tajiri, mama yule alivua ndala akazishika mkononi. Sasa mwanawe alipiga magoti akamvisha, naye akakatiza ua wa tajiri taratibu, kama anayepita kwake.

Watu walipotoka, akamfuata mtafsiri aliyekuwa akikunja nyaya.

"Baba, kwa nini yule mama alikuwa akivua ndala?"

"Ndala? Shangazi, watu arobaini wamekula kichapo, wewe umeona ndala!"

"Nimeziona."

Mtafsiri akakuna kichwa. "Wanyonge wa pale walikatazwa viatu mbele ya tajiri. Lilisemwa mwanzoni, nikaliruka. Watu wanataka ngumi."

Mama Fagio akafagia maganda. Nyumba yao waliijenga wawili, mumewe akipanga matofali, yeye akibeba maji. Mume alipofariki, shemeji yake akahamia na mkewe, yeye akasukumiwa chumba cha uani. Mke wa shemeji alilalamika mara moja tu kwamba ndala zake zina kelele. Tangu siku hiyo, mwaka wa sita sasa, huingia kwa mlango wa nyuma, ndala mkononi. Na jioni hii shemeji alimtaka atie dole gumba kwenye karatasi ya kumwachia nyumba.

Alipofika nyumbani, alipita mlango wa mbele. Ndala zikalia sakafuni, pa, pa, pa.

"Shemeji, viatu!" shemeji yake akamaka.

"Viko miguuni, shemeji. Mahali pake."

Akavuta kiti, akakaa. Shemeji akamsogezea karatasi na kidau cha wino.

"Bonyeza hapo tu, tumalizane."

"Maji ya kuta hizi niliyabeba mimi. Sibonyezi."

Akalikunja dole gumba ndani ya ngumi, akaiweka ngumi pajani. Haikumpiga mtu. Alikaa nayo hivyo hivyo mpaka shemeji mwenyewe akafunika wino.