Gari ya Profesa Kwenye Barabara ya Miti

Niliporudi chuo kufanya master, sikutaka kuacha mbio ndefu. Asubuhi moja nilitoka nyumbani, mtaa wa Muhumba, nikashika barabara ya kwenda Miti, nje ya mji. Wakati wa kurudi, gari ya profesa anayesimamia mémoire yangu, ile tasnifu ya kumalizia master, ilinikuta njiani. Alisimama, akafungua mlango.

"Maman, panda. Utaenda na miguu namna gani, na mimi niko na gari?"

Nilimweleza kwamba niko kwenye mazoezi. Alicheka tu, akangoja na mlango wazi, magari ya nyuma yakipiga honi. Kwetu, muzee akikufungulia mlango, hukatai. Nikapanda na jasho langu, hasira imenijaa.

Ndani ya gari akaniuliza sura ya pili imefika wapi. Mtu ambaye ofisini tunamngoja kutwa nzima, tukirudi nyumbani bila kumwona! Tulipofika mjini alikuwa amenitatulia shida yote ya utafiti wangu.

Basi nikajipanga. Kila nilipokwama kuandika, nilishika barabara ile ile, na wakati wa kurudi nilikimbia polepole, nikigeuka nyuma kutafuta gari yake. Mémoire ikaisha, nikaitetea vizuri.

Kisha ikaja siku ya mashindano ya mbio, nikafika karibu wa mwisho. Profesa alikuwa amekuja kunishangilia. Alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Lakini maman, kila asubuhi niko nakukuta unakimbia. Sasa mbona uko nyuma hivi?"