Misa Thelathini za Mama

Mama alipofariki kule Gachoka, ndugu zangu walilia vizuri, wakala vizuri, na kabla udongo wa kaburi haujakauka walikuwa wameshafika Nairobi. Mimi nikarudi Embu, kwenye chumba changu katika mtaa wa Dallas, nikakuta kimya kikubwa kuliko Mlima Kenya.

Nikamwombea misa thelathini. Ni desturi iliyoachwa na Papa mmoja wa kale, zaidi ya miaka elfu iliyopita: marehemu asomewe misa kila siku, thelathini mfululizo, bila kuruka hata moja, ili roho yake itoke toharani. Papa huyo hakuwahi kusikia habari za Mbeere kwetu, lakini akina mama wa Mbeere wanaijua desturi yake kama wanavyojua kupika muthokoi. Mama mwenyewe aliniagiza, "Mkishanizika, msisahau zile thelathini."

Sasa, shule ya jioni niliyosoma uzeeni ilikuwa imenipa cheti, na cheti kikanipa kichwa kikubwa kama boga. Nikajiamulia kwamba mnyororo ule wa misa nimeushika mimi: nikikosa asubuhi moja tu, Mama ataporomoka aanze upya. Basi kila siku nilikuwa kanisani kabla ya kengele, katika baridi ya Julai ambayo, naapa, iligandisha kikohozi changu kikabaki kinaning'inia hewani. Nikapata homa. Nikaenda na homa yangu.

Tulikuwa watatu: padri, mimi, na sista mmoja mzee aliyesinzia tangu somo la kwanza. Padri akilitaja jina la Mama, wa kuitikia nilikuwa mimi. Kutwa nzima hakuna mwingine aliyelitaja.

Zikiwa zimebaki misa chache, padri alinisimamisha mlangoni.

"Mzee, kwani wewe hulali? Hata jogoo wetu ameanza kukuonea haya."

"Fatha, nikikosa si Mama ataanza upya?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Nani alikudanganya? Wa kutoruka ni mimi! Wewe ungelala tu, na mama yako angefika vilevile."

"Kumbe nimekanyaga umande bure!" Nikacheka naye, kicheko cha kung'oa mabati.

"Kesho ulale, mzee."

"Sawa, Fatha."

Kesho yake nilikuwa pale pale. Na kesho kutwa.

Kabla ya misa ya mwisho niliwapigia simu ndugu zangu waje. Wakasema wako mbioni na kazi, niwaombee na wao. Ilipokwisha, padri akanishika mkono. "Hongera, mzee. Kazi imekwisha, Mama amepumzika."

Nilifurahi. Ndicho nilichokuwa nimeomba. Lakini miguu ilikataa kutoka kwenye benchi.

"Fatha, kesho utamsomea nani?"

"Kuna marehemu mmoja wa upande wa Runyenjes. Unamjua?"

"Simjui," nikasema. "Wa kumwitikia anao?"

Padri akageuka, akatazama viti vitupu.