Aliyewaita kuku wangu njiwa

Leo Jumapili, mwezi wa nne tangu niondoke Kibimba, msimamizi wetu hapa shambani Nemba ameniita kaka!

Niliponunua bantamu wawili, wale kuku wadogo wadogo, wangu wa kwanza maishani, alicheka: "Hao ni kuku au njiwa?"

Yeye akanunua majitu ya kisasa. Yanataga tu, kulalia hayataki.

Asubuhi kaja na mayai kwenye kofia. Bantamu wangu mmoja analalia.

"Kaka, mtolee mayai yake, umwekee haya."

Yaani vifaranga wa kuanzia ufugaji nyumbani kwangu niwatupe!

Nikamwambia, "Njiwa hawezi. Lalia mwenyewe, mwili unao."

Jamani, nimekosea?

Mama Neema, mke wangu, Pasaka narudi nao wote. Ukiwacheka na wewe, nageuza nao.