Sahihi ya Mdhamini

Fomu ilikuwa na kurasa saba, na ukurasa uliotuumiza ulikuwa wa tano. Juu yake paliandikwa kwa herufi kubwa: MDHAMINI. Chini palikuwa na nafasi ya jina, kazi, mali, picha ya pasipoti, na mstari wa kusaini mbele ya hakimu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na kuchaguliwa kwenda chuo kikuu Dar es Salaam kusomea ualimu, mtoto wa kwanza nyumbani kwetu kufika hapo. Serikali ilikuwa imeacha kusomesha watu bure. Sasa ilikuwa inakopesha, na anayekopa alitakiwa awe na mtu mzima wa kumdhamini: mtoto akishindwa kulipa, afuatwe yeye.

Kwetu mtu huyo alikuwa Baba tu. Mama alilima, alikata majani ya ng'ombe, aliuza ndizi sokoni, lakini hakuwa na kitu hata kimoja kilichoandikwa jina lake.

Tuliishi Mwika, kwenye kihamba alichoacha babu: shamba la migomba na kahawa, nyumba katikati, makaburi ya wazee upande wa juu. Kihamba kwetu hakiwi cha mtu mmoja. Unakipokea, unakitunza, unamwachia mwingine. Baba alikipokea wakati kahawa ina bei. Miaka hiyo ninayoisimulia bei ilikuwa imeanguka mpaka majirani wakawa wanang'oa mibuni na kupanda nyanya. Baba hakung'oa. Aliendelea kupogoa miti ambayo haikurudisha hata gharama ya dawa.

Jumatatu nilimpelekea fomu akiwa zizini. Alinawa mikono, akakaa kwenye benchi la nje, akaisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, midomo ikitikisika. Kisha akarudi kwenye ule wa tano.

"Mdogo wangu alisoma chuo," alisema. "Waranti ya kupanda treni bure alipewa, chakula alipewa, godoro alilikuta huko. Hakuna mtu aliyemwambia babu yako asaini. Wewe kwa nini wanataka nisaini?"

"Utaratibu umebadilika, Baba."

"Hapa wanauliza mali. Mali yangu ni ipi?"

Aliweka kidole kwenye nafasi ya mali.

"Nikifa kabla hujamaliza kulipa, wanakuja kuchukua nini?"

Sikujua. Nilisema kwamba nitaajiriwa, watakata kwenye mshahara, kwamba kila mtu anasaini. Alinirudishia fomu bila hasira. "Kuna watu watatu wamelala kule juu," alisema, na sikuhitaji kugeuka kuangalia makaburi. "Siwezi kuwaandika humo."

Fomu zilitakiwa ziwe posta mjini Moshi kabla ya Ijumaa jioni.

Jumanne niliteremka mjini kwa huyo mdogo wake, baba yangu mdogo, aliyekuwa amepanga vyumba viwili mtaa wa Soweto. Nilikuwa na hakika kwamba yeye atasaini, kwa sababu alisoma, na kwa sababu zamani alikuwa akija nyumbani na viatu vinavyong'aa. Nilimkuta amekaa barazani amevaa kandambili, akitengeneza pasi ya umeme ya jirani. Kiwanda alichofanyia kazi kilikuwa kimeuzwa, na yeye alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Nyumbani Mwika hatukuwa tumeambiwa.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alisoma ukurasa wa tano kwa dakika moja, akacheka kidogo bila furaha. "Hapa kwenye kazi niandike nini? Na hapa kwenye mali niandike redio?" Alinipa nauli ya kurudi, nikaona aliitoa kwenye mfuko wa shati bila kubakiza kitu. "Usimwambie baba yako habari ya kazi," alisema. "Nitamwambia mwenyewe."

Kwa hiyo nilirudi mlimani na fomu ile ile, na siri isiyo yangu juu yake.

Jumatano, Baba alipokwenda kwenye mkutano wa mfereji wa maji ya mashamba, niliketi nyuma ya jiko na daftari kuukuu. Nilikuwa na karatasi ya zamani ya malipo ya kahawa yenye sahihi yake. Aliandika herufi ya kwanza kubwa, iliyolalia kushoto, halafu mstari mrefu uliorudi nyuma na kuikata. Niliandika hiyo sahihi mara ishirini, labda thelathini. Mama alipita na mzigo wa majani kichwani. Aliona daftari, aliona ile karatasi, akanitazama usoni. Aliendelea kwenda zizini, na mpaka leo sijui kama alinyamaza kwa kunikataza au kwa kuniruhusu.

Nilisaini. Mkono haukutetemeka, na hilo ndilo linalonitia haya zaidi nikikumbuka.

Nilikuwa nimesikia kwamba ukifika mahakama ya mwanzo na mhuri wa mtendaji wa kijiji, karani haulizi sana. Nikaenda moja kwa moja kwa mtendaji. Alikuwa mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikunjua ukurasa wa tano, akachukua mhuri, akaupuliza kama alivyozoea, halafu akaushusha mezani.

"Baba yako hajambo?"

"Hajambo."

"Amesaini lini?"

"Jana."

"Jana nilikuwa naye mchana kutwa tukizibua mfereji. Hakuniambia habari ya chuo." Alisogeza karatasi karibu na macho. "Nimefanya kazi miaka mingi kwenye chama cha msingi cha ushirika, nikiwalipa watu kahawa. Sahihi ya baba yako naijua."

Alikunja fomu taratibu, akaiweka kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo.

"Iache hapa. Nenda nyumbani."

"Babu, mwisho ni Ijumaa."

"Nimekwambia nenda nyumbani."

Nilitembea kurudi kama mtu aliyevunja chombo cha watu na bado hajajulikana. Nilifikiria polisi. Nilifikiria kanisani, maana Baba ndiye aliyekuwa akihesabu sadaka, na hakupewa kazi hiyo kwa bahati. Alikuwa mtu wa kurudi dukani kurudisha shilingi kumi aliyozidishiwa. Jioni tulikula mtori wa ndizi, na kila alipoinua kichwa nilidhani anaanza. Alizungumza na Mama juu ya zamu ya maji. Alikwenda kulala kabla yetu.

Alhamisi asubuhi nilimkuta uani amevaa koti lake la kijivu la kwendea misa na viatu vilivyopigwa rangi.

"Vaa," alisema. "Tunakwenda mahakamani."

Hakueleza, nami sikuthubutu kuuliza. Tulitembea, yeye mbele na mimi nyuma, na kila tuliyekutana naye alisalimiwa kama siku nyingine yoyote. Niliamini kabisa kwamba ananipeleka kunishtaki. Nilikuwa na miaka ishirini, na nilipanga kichwani maneno ya kuomba msamaha mbele ya hakimu, nikayapanga upya, yakakataa kukaa sawa.

Barazani mahakamani palikuwa na watu wengi. Tulingoja mpaka jua likawa limepanda. Tulipoitwa, Baba alitia mkono ndani ya koti akatoa fomu yangu. Ukurasa wa pili, wa kuthibitisha makazi yangu, sasa ulikuwa na mhuri wa mtendaji. Ukurasa wa tano ulikuwa na sahihi yangu iliyokuwa yake.

Hakimu alikuwa mwanamke, mwenye sauti ya chini. Alitazama ule ukurasa, akakunja uso.

"Mzee, hapa ulitakiwa usaini mbele yangu. Mbona umeshasaini?"

Nilifungua mdomo. Baba hakunigeukia.

"Nilikosea," alisema. "Sikujua. Niliharakisha."

"Ni wewe uliyesaini?"

"Nimesema nilikosea mimi."

Hakimu alimtazama yeye, akanitazama mimi, nami nikainamisha macho. Nadhani alielewa. Aliugeuza ukurasa, akaurudisha. Mwisho alisema, "Ikate kwa mstari mmoja. Utasaini pembeni, nami nitaweka herufi za jina langu."

"Kabla sijasaini, nina swali," Baba alisema. "Mtoto akishindwa kulipa, kihamba changu kinaingia humu?"

Hakimu alianza kujibu haraka, kisha akaacha. Alichukua fomu, akamsomea masharti yote kwa sauti, sentensi baada ya sentensi, huku watu wakiguna mlangoni. Alipomaliza alisema, "Neno shamba halimo. Limo kwamba mdhamini atawajibika. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi kitu ambacho hakikuandikwa."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui, mzee."

Nilitamani amdanganye. Baba aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei asiyoipenda, akaomba kalamu. Alikata sahihi yangu kwa mstari mmoja ulionyooka. Pembeni yake akaandika ya kwake, na nikaona haikufanana sana na niliyoiiga. Miaka ilikuwa imeibadilisha. Ile ya kwenye karatasi ya kahawa ilikuwa ya mtu kijana.

Nje nilisema, "Baba, nisamehe."

Alitembea hatua kadhaa. "Mtendaji aliniletea ile fomu jana mkutanoni, akaiweka mkononi mwangu na kuondoka. Nimeibeba tangu jana. Sikukasirika kwa sababu ya jina langu. Nilikasirika kwa sababu uliona ni rahisi kuniibia kuliko kunisubiri."

"Muda ulikuwa unaisha."

"Najua. Ndiyo maana nimesaini." Halafu akasema, "Leo nimesema uongo mbele ya hakimu. Usinifanye niseme mwingine."

Ijumaa niliipeleka posta mwenyewe, kwa rejista. Kisha zikaja wiki za kungoja, na niliufikiria ule mstari kila siku: kwamba mtu fulani Dar es Salaam ataona sahihi iliyokatwa na kuitupa fomu. Majina yalipobandikwa mjini nilisukumana na wenzangu mbele ya ubao, nikayapitia mara mbili bila kujiona. Mara ya tatu nikajikuta, karibu na mwisho. Nilikuwa nimepewa chakula na malazi na sehemu ya ada. Sehemu iliyobaki Baba aliilipa kwa kuuza ng'ombe mmoja mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili aling'oa kahawa ya nusu ya shamba na kupanda ndizi za biashara. Hakuniambia; niliikuta nusu hiyo haina mibuni tena niliporudi likizo.

Nimefundisha sekondari tangu wakati huo, na makato ya mkopo yalianza na mshahara wa kwanza kabisa. Kila Krismasi, tulipokusanyika nyumbani, Baba alisubiri tubaki wawili, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Bado?" Nami nilijibu, "Bado, Baba, lakini wanakata." Hakuwahi kuuliza kinachobaki. Nadhani aliogopa kusikia.

Barua ya kumaliza deni ilipotoka sikungoja Krismasi. Nilipanda basi la asubuhi siku ya kazi, nikamkuta akichambua maharage na Mama. Aliisoma yote, mpaka anwani, akaisoma tena. Kisha akampa Mama aishike, akasimama, akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amenawa uso.

"Umeomba ruhusa kazini?" aliniuliza.

"Nimeomba."

"Basi kaa ule," alisema, akavuta tena ungo wa maharage.