Mama Mkwe Amekwenda Muthetheni

Kwetu Ukambani binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Kwa hiyo tangu azaliwe, mimi na mke wangu tulimwita binti yetu Mwaitu, yaani mama. Alipokataa uji, mke wangu alicheka: "Leo mama mkwe amenikasirikia!"

Miaka ya tisini ikielekea kwisha, mke wangu alianza kusahau. Kwanza sufuria motoni, kisha nyimbo alizokuwa akiongoza kanisani, kisha watu. Asubuhi moja alimwona binti yetu akiingia na kuni, akainuka upesi, akampangusia kiti kwa leso. Haukuwa utani tena. Alidhani huyo ni mama yangu, tuliyemzika zamani, na yeye mwenyewe ni bibi arusi aliyefika juzi.

Binti yetu alikuwa amemaliza kidato cha nne. Alitaka kusomea ubongo, aelewe ni kitu gani kinamchukua mama yake angali hai. Vyuo vikuu viwili vilimkubali. Cha Nairobi kilikuwa na udaktari tu. Mambo ya ubongo yangekuja baadaye sana, lakini angerudi nyumbani kila Jumamosi. Cha ng'ambo kilifundisha ubongo tangu mwaka wa kwanza, tena kingemfadhili, ila asingerudi hadi amalize.

Jirani yangu, mzee mwenzangu wa kanisa, alishangaa. "Daktari wa hapa anatibu mtu mzima mzima, na wewe unavuka bahari kwa ajili ya kichwa peke yake?"

"Kichwa ndicho kinachotusumbua hapa nyumbani," binti yangu akamjibu.

"Haya, Mwaitu, nimeshindwa," jirani akasema.

Mimi sikumchagulia. Niliomba, nikasubiri. Moyoni nilitamani Nairobi.

Ilipofika siku ya kutoa jibu, alipiga magoti mbele ya mama yake kuomba baraka, kama mtoto anavyofanya kabla ya safari. Mke wangu alishtuka, naye akapiga magoti.

"Mama, unanipigia magoti mimi? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nataka kusafiri."

"Usiniache. Mimi bado mgeni hapa kwenu. Hata mume wangu sijajua anapenda kula nini."

Binti yangu alinitazama, nikainamisha kichwa. Akamshika mama yake mikono. "Naenda tu sokoni Muthetheni. Nitarudi."

Uso wa mke wangu ukatulia. "Basi nitakuwekea chakula."

Nje, binti yangu aliniambia, "Baba, nikibaki, kila Jumamosi nitakuja hapa aniogope. Acha niende nikasome."

Akaenda. Na kweli mama yake aliweka chakula. Kila jioni sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ilifunikwa mezani. "Mama mkwe amechelewa sokoni," alikuwa akisema, nami nikimjibu, "Atakuja." Asubuhi tulikula pamoja chakula hicho kilicholala. Nilimshukuru Mungu kwamba alikuwa na mtu wa kumngojea.

Mke wangu alifariki binti yetu akiwa mwaka wa tatu. Binti hakuweza kuja mazikoni. Alipiga simu, akalia sana, nami nikashikilia simu nikingoja.

"Baba, aliniulizia?"

"Kila jioni, Mwaitu. Alikuwekea chakula mpaka mwisho."

Akasema asante. Hakuuliza ni nani aliyekuwa akiwekewa. Namshukuru Mungu kwa hilo pia.