Pua Tatu Zilizokunjwa

Leetia Qappik alipozaliwa, kikongwe aliyekuwa na jina hilo alikuwa amezikwa wiki tatu tu, chini ya mawe, nyuma ya kanisa la Nuvukuluk, kijiji chetu cha kaskazini ya mbali penye barafu. Kwetu jina halizikwi; mwenye jina hurudi nalo. Mtoto akapewa, na tangu siku hiyo Jaipiti, mwana wa yule kikongwe, mwindaji mwenye watoto watano wa kwake, akawa anaingia nyumbani kwa kina Leetia, anainama juu ya kile kichanga na kukiita Mama. Leetia alipoanza kusema, naye akamwita mwanangu. Alipokuwa na miaka minne alimkuta Jaipiti nje kichwa wazi, baridi ya Januari, akamkemea mbele za watu mpaka akarudi ndani kuchukua kofia. Watu walicheka, lakini kofia ilivaliwa.

Leetia alisoma kusini miaka saba, akarudi na Kiingereza cha kumwaga, akaajiriwa zahanati kuwa mkalimani kati ya wauguzi na wagonjwa. Kazi ile alifundishwa kwa sheria moja: usiongeze, usipunguze. Wengi hufundishwa hivyo, kisha wakalainisha lainisha mambo ili watu waelewane. Leetia hakulainisha. Muuguzi mmoja mgeni alimpapasa bibi kizee tumboni, bibi akanung'unika, na Leetia akafasiri vile vile: "Anasema mikono yako ni ya baridi kama ya maiti, na hata mbwa wake hangekubali umshike." Muuguzi akawa mwekundu hadi masikioni. Kesho yake alipasha mikono moto kabla ya kumgusa mtu, na hadi anahamishwa hakuacha.

Basi serikali ilipokubaliana na watu wetu kuitunza hifadhi kwa pamoja, bahari na nchi kavu kuanzia ghuba yetu hadi kwenye barafu ya milimani, hakuna aliyeuliza nani awe mkalimani. Kamati ilikuwa ya watu sita, watatu wa kwetu na watatu wa serikali, na neno halipiti mpaka wote sita wakubaliane. Mkubwa wa watatu wetu alikuwa Jaipiti, sasa mzee wa miaka sabini na sita. Mwenyekiti, mmoja wa wale watatu wa serikali, alikuwa Bwana Prentiss kutoka kusini, mtu mpole, mwenye haraka ya watu wanaowaza ndege ya kurudia nyumbani.

Mwezi wa Februari likaja jambo la Uglikuluk. Huo ni ufuko wa mawe ambako walarasi, wale wanyama wazito wa baharini wenye meno mawili marefu, hupanda kwa mamia kupumzika kiangazi kikielekea kwisha. Nyama yao ndiyo inayotuvusha majira ya baridi, na wawindaji huwapata baharini, mbali kabisa na ufuko. Kampuni moja ya meli za watalii iliomba ruhusa ya kushusha wageni pale.

"Je, turuhusu?" Bwana Prentiss akauliza, na Leetia akafasiri.

Wajumbe wetu watatu wakakunja pua. Jaipiti aliikunja yake mpaka macho yakakaribia kufumba. Bwana Prentiss wakati huo alikuwa anatafuta karatasi. Alipoinua uso akakuta watu wametulia, akatabasamu, akashukuru, akaingia kwenye jambo la pili.

Leetia aliona yote hayo na hakushtuka hata kidogo. Kwetu kuinua nyusi ni ndiyo na kukunja pua ni hapana, na mtoto hulijua hilo kabla hajajua kusema maziwa. Jibu lilikuwa limetolewa, tena mara tatu. Kumfasiria mtu pua iliyokunjwa mbele yake ni kama kumfasiria kwamba nje kuna baridi. Na isitoshe, hakuna aliyetamka neno, na yeye alifundishwa kufasiri maneno.

Mpango wa hifadhi ukaletwa mwezi wa Juni, siku moja kabla ya kikao cha kutia saini. Leetia aliusoma jikoni, mdogo wake Siasi akikaanga mkate.

"'Wajumbe wote waliafiki kwa kimya wageni washuke Uglikuluk,'" Leetia akasoma.

"Nani kaafiki? Mzee Jaipiti? Labda alikuwa amesinzia."

"Alikunja pua. Wote watatu walikunja."

"Sasa wewe ukamwambiaje huyo Mzungu?"

"Sikumwambia kitu. Hawakusema kitu."

Siasi aliepua kikaango. "Dada, kusoma kwako kote kule kusini hukugundua kwamba pua zao ni za kupumulia tu?"

Leetia hakucheka. Saini zikishatiwa, mpango ungesimama miaka mitano. Alivaa koti akaenda kwa Jaipiti, akamkuta nje ya nyumba anapaka rangi mtumbwi wake wa injini. Akamweleza kosa lake lote bila kujitetea.

Mzee aliendelea kupaka. "Mgeni kasafiri siku mbili kuja kwetu," akasema. "Tukimwambia mbele ya wenzake kwamba kakosea, ataaibika. Mwache, Mama."

"Na walarasi?"

"Pengine watazoea."

Wote wawili walijua kwamba hawatazoea. Lakini tuna neno kwetu, *ilira*: ni ile hofu iliyochanganyika na heshima, mbele ya mwenye nguvu usiyejua hasira yake inaanzia wapi. Jaipiti alikua zama ambazo Mzungu akisema panda meli, unapanda. Kaka yake alipanda hivyo kwenda hospitali ya kusini, na familia haijui hadi leo amelazwa kaburi gani. Mtu wa namna hiyo utamlaumu vipi akiinamisha kichwa? Leetia hakumlaumu. Aliondoka na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe.

Asubuhi wakakutana ukumbini. Samaki wa kugandishwa, wa kukatwa na kuliwa mbichi kama ilivyo desturi yetu, alikuwa sakafuni juu ya boksi lililokunjuliwa, kisu kando yake, na chai tele. Bwana Prentiss akaweka mpango mezani na kalamu juu yake. Leetia akavua vipokea sauti, akasimama. Alijua vizuri kwamba mkalimani anayesema maneno yake mwenyewe kikaoni anaweza kuondolewa siku hiyo hiyo, na Nuvukuluk hapana kazi za kuokota.

"Mwenyekiti, kuna kosa, na ni langu," akasema kwa Kiingereza. Akaeleza kuhusu nyusi na kuhusu pua.

Mmoja wa watu wa serikali akaanza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. Bwana Prentiss hakukasirika, ila alikuwa mtu wa taratibu. "Muhtasari mlitumiwa tangu Machi," akasema. "Hakuna aliyeandika kuukataa. Na wewe, kwa heshima zote, ni mkalimani. Huwezi kuwasemea wajumbe. Anayepinga aseme mwenyewe." Akamgeukia Jaipiti. "Mzee, unapinga?"

Leetia akafasiri, neno kwa neno.

Jaipiti alitazama meza. "Sijui," akasema. "Huenda wao wenye kusoma wanajua zaidi."

Hapo ndipo alipotakiwa kuyafasiri maneno hayo, na lau angeyafasiri, mambo yangekwisha. Leetia hakuyafasiri. Mwanamke huyu wa miaka arobaini na moja alimgeukia mzee, mikono kiunoni.

"Jaipiti."

"Naam, Mama."

"Hivi mimi nilikulea ufiche maneno mbele ya mgeni? Nilikufundisha hivyo?"

"Hapana, Mama."

"Mtu kafunga safari siku mbili kuja kukusikiliza, wewe unamnyima alichofuata. Huo ndio ukarimu wa nyumba yangu? Hebu kaa vizuri, mwambie."

Wajumbe wetu wengine wawili walikuwa wameinamisha nyuso, mabega yanawatikisika. Leetia akamgeukia Bwana Prentiss na kumfasiria mazungumzo yote tangu neno la kwanza, pamoja na "sijui" ya mzee, pamoja na kwamba kwa jina mzee huyo ni mwanawe. Bwana Prentiss alimtazama yeye, akamtazama mzee, akaweka kalamu chini.

Na Jaipiti akasema. Kwanza alisema polepole, baadaye maneno yakafunguka. Alisema walarasi hawaoni mbali lakini wananusa, na harufu ya mtu hukaa kwenye mawe. Alisema ng'ambo ya mlango wa bahari kulikuwa na ufuko mwingine kama ule, na yeye akiwa kijana watu wa huko walianza kuwachinjia walarasi hapo hapo ufukoni kwa uvivu wa kuwafuata baharini. Mwaka uliofuata walarasi hawakuja. Wala uliofuata. Kile kijiji sasa hakipo. Watu walihamia kwa ndugu zao, na baadhi wako humu humu Nuvukuluk. Alisema yeye hamkatazi mgeni kuwaona walarasi, ila awatazame kutoka baharini, injini imezimwa, na upepo ukiwa unatoka kwao. Lakini mguu usikanyage.

Leetia alifasiri robo saa nzima bila kuomba maji.

Bwana Prentiss alisikiliza, na, tumpe haki yake, aliandika. Kisha akajaribu kama wanavyojaribu watu wema. "Na kama ni kikundi kidogo? Watu sita tu, na mzee mwenyewe awaongoze? Yeye anapajua kuliko mtu yeyote. Muulize, mara ya mwisho alisimama pale ufukoni lini?"

Leetia akauliza.

"Mimi?" Jaipiti alishangaa kweli. "Sijawahi kukanyaga pale."

"Anasema hajawahi kukanyaga pale."

"Hata mara moja?"

"Baba yangu hakukanyaga. Babu yangu hakukanyaga. Mama yangu huyu," akamwonyesha Leetia kwa kidevu, "angenichapa."

Bwana Prentiss akauliza taratibu, bila ubishi, kama mtu anayetaka kujua: "Sasa kama hakuna aliyewahi kufika, mnajuaje namna ya kupatunza?"

Mzee alilisikiliza swali mpaka mwisho.

"Si bado wapo?" akasema.

Leetia akayafasiri maneno hayo matatu, hakuongeza, hakupunguza. Bwana Prentiss aliichukua kalamu ya kutilia saini, akaufuta ule mstari wa Uglikuluk kwa mkono wake, akatia jina lake pembeni, akaisukuma karatasi izunguke meza. Ilimfikia Jaipiti mwisho. Aliandika herufi zake mbili bila haraka, akamrudishia mwenyekiti kalamu, akauliza kama samaki amebaki.