Mikebe ya Mwalimu Gaudiose

Mwalimu Gaudiose hakupenda kuwaambia watoto jibu. Hicho ndicho kilichomfukuzisha kazi, ingawa mkuu wa shule anasema vingine.

Alitoka Ruyigi, Burundi, mwaka wa 2015, na huko alifundisha sayansi mpaka siku ya kukimbia. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, alipewa darasa la nne kwenye shule ya kijiji. Mimi nilisoma kwake muhula mmoja, kisha nikatolewa kwenda kulima na kubeba mtoto wa mama. Aliyebaki ni mdogo wangu Inès. Madarasa mengine yalikuwa yanaimba kwa sauti: mbegu inataka maji, hewa na joto. Gaudiose alileta mikebe ya nyanya na pamba, akasema, "Muone wenyewe." Na kila somo lilipokwisha aliuliza lilelile: "Kuna sababu nyingine ambayo hatujaifikiria?" Hakuna aliyetoka nje mpaka mmoja ajaribu kujibu.

Mwaka jana mashamba yetu yalikataa. Shirika la misaada lilikuwa limetugawia mbegu za maharage zinazonuka dawa ya wadudu. Tulipanda, mvua ikanyesha vizuri, hakuna kilichotoka. Bwana wa shirika akaja na pikipiki, akatuambia tumepanda vibaya, sisi watu wa kuzoea kupewa.

"Nimelima tangu niko mutoto," mama yangu, Capitoline, alinung'unika njiani. "Leo mutu wa ofisi ananifundisha kufukia maharagi."

Inès alilipeleka jambo hilo darasani. Gaudiose akawaambia watoto walete punje chache za shirika kutoka nyumbani, na yeye akanunua nyingine sokoni. Hakuwa na shamba, kwa hiyo mgao wa mbegu haukumfikia. Mikebe ikapangwa dirishani, ya soko upande mmoja, ya shirika upande mwingine, pamba ileile, maji yaleyale. Za soko zikachipua. Za shirika zikavimba, zikaoza.

Habari ikaenea. Wazazi waliokuwa wakimcheka na kumwita madamu wa mikebe wakaanza kumletea ndizi. Wakataka mikebe iletwe kwenye mkutano wa kijiji siku bwana wa shirika atakaporudi. Mkuu wa shule, Mbabazi, mwenyeji wa wilaya hii ya Isingiro, hakupenda.

"Teacher, hao watu ndiyo wanaleta madawati," alimwambia uani, watu wanasikia. "Ukiharibu pale, mimi sikujui. Utatafuta kazi ingine."

"Mimi sitasema kitu, mkuu. Watoto watasema walichoona."

Na siku ya mkutano walisema vizuri. Nilikuwa nimekaa nyuma na mtoto mgongoni, nikawaona wazazi wanagusana viwiko kwa fahari. Bwana wa shirika aliinama juu ya mikebe, akaigeuza mmoja mmoja, hakurudia yale ya kupanda vibaya. Ingetosha hapo. Gaudiose angekaa tu. Lakini aliwageukia watoto kama yuko darasani, akawauliza lile swali lake la kila siku.

Inès akanyoosha mkono.

"Labda ni maji ya moto. Mama aliziosha na maji ya moto na majivu ili harufu itoke, tupate kula. Zilizobaki ndizo tulipanda. Na mimi nilileta hizo hizo shuleni."

Nyumba zote zilifanya hivyo. Posho ya chakula ilikuwa imepunguzwa, na kila mama aliosha mbegu nyuma ya nyumba bila jirani kumuuliza. Tuliamini kwamba maji yasiyochemka hayaui mbegu. Mtoto mwingine akasema, "Na sisi kwetu." Halafu mwingine. Maskini, walikuwa wanafurahi, wanashindana kunyoosha mikono.

Bwana wa shirika alicheka taratibu. "Kumbe mbegu munakula. Asante, mwalimu. Umefundisha vizuri sana."

Msimu uliofuata kijiji chetu hakikupewa hata punje. Gaudiose alikuwa ameshafukuzwa zamani, na hakuna mzazi aliyefungua mdomo kumtetea. "Amefundisha watoto kutuuza," walisema, na ndizi zikakoma. Mama hakumpiga Inès. Alimwambia tu, "Enda ukule kwa mwalimu wako," akamtoa shule.

Juzi nilimsindikiza bibi yangu mjini Mbarara, kutibiwa macho hospitali ya Ruharo. Tulifikia mtaa wa Ruti kwa Mrundi mwenzetu, na nyuma ya hoteli ya jirani nikamkuta Gaudiose anamenya matoke, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu.

"Inès anasoma?" aliniuliza hata kabla ya salamu.

"Hapana, mwalimu."

Alimenya kwanza, bila kuniangalia. "Hapa usiniite mwalimu, watasema nina maringo. Mwambie hakukosea. Mimi ndiye sikuuliza zile mbegu zimepitia wapi kabla ya kufika kwangu. Nilitaka sana ionekane mbegu za shirika ndizo mbovu."

Mwenye hoteli akamwita ndani, naye akaenda haraka, na kisu mkononi.

Nyumbani nilisubiri mama aende kuchota maji ndipo nifikishe ujumbe. Inès alikuwa anachekecha unga wa mahindi kuondoa mchanga. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kama sikukosea," alisema, "mbona yeye anamenya matoke na sisi hatuna mbegu?"

Tulisikia ndoo ya mama inagonga mlango, na Inès akainamisha kichwa, akaendelea na unga wake kama mtu ambaye hajasema neno.